Kazi Hii ni ya Nini? Swali la Makuli wa Kilindini

Ukishuka Moi Avenue kuelekea bandari ya Kilindini, Ganjoni inabaki mkono wako wa kushoto, na Shimanzi na matangi yake ya mafuta mkono wa kulia. Siku hizi vitongoji hivyo viwili vinahesabiwa wadi moja, na muungano huo una haki yake, kwa kuwa vyote viwili vimekua chini ya kivuli cha bandari. Kwa zaidi ya nusu karne wanaume walipita pembeni mwa mitaa hii alfajiri, wakitoka Majengo, Mji wa Kale na ng'ambo ya Likoni, wakaenda kusimama kwenye geti kungoja kuchaguliwa kwa kazi ya kutwa. Lakini hawakuja kila siku. Yule aliyebeba magunia Jumatatu na Jumanne huenda asingeonekana tena mpaka wiki ya pili, na hakuna aliyeweza kumuuliza. Mtu huyu aliwaudhi maofisa wa serikali ya kikoloni na mawakala wa meli kuliko mwizi wa shehena. Kwa sababu yake ziliandikwa ripoti nyingi, na ndani ya ripoti hizo ilipata muhuri ile hukumu ambayo mpaka leo tunaisikia, tena midomoni mwa Waafrika wenzetu: kwamba mtu wa pwani ni mvivu. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu hiyo iliisoma vibaya dalili yenyewe. Kuli aliyebaki nyumbani alikuwa amekwisha kujiuliza kazi ile inamfaa nini na inamfaa nani, akapata jibu. Historia ya kazi Mombasa, kuanzia kuondolewa kwa utumwa hadi uhuru, ni kwa sehemu kubwa historia ya juhudi za kumnyima nafasi ya kujiuliza hivyo, na ya jinsi swali lenyewe lilivyozidi kurudi kwa mlango mwingine.

Swali hilo halikuzaliwa Kilindini. Upande wa pili wa kisiwa, kwenye Bandari ya Kale, kazi ilifuata upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na forodhani palikuwa na shughuli au pakawa kimya kulingana na msimu. Hamali alijua mzigo ni wa nani, unakwenda ghala gani na kwa nini lazima ushushwe kabla upepo haujageuka. Msimu ukiisha kazi imeisha, na hakuna tajiri aliyeona maana ya kumlipa msimamizi amchunge hamali asiye na cha kubeba. Mashambani nako, katika mwambao huu wote, kazi ilipimwa kwa ngwe. Mtu alikatiwa sehemu yake ya kulima au kupalilia, na akiimaliza siku yake ya kazi imekwisha, hata kama jua bado halijafika utosini. Nasema haya nikijua vizuri kwamba aliyepimiwa ngwe mara nyingi alikuwa mtumwa, na kwamba fimbo ilikuwepo. Utumwa hausafishiki. Ila ndani ya utumwa huo palikuwa na kanuni moja ambayo bwana na mtumwa waliielewa sawasawa: kazi ina mpaka unaoonekana kwa macho, na muda uliobaki baada ya mpaka huo si wa bwana. Mjini kanuni ilikwenda mbele zaidi. Wako watumwa waliokuwa wakijitafutia vibarua wenyewe, wakimpelekea bwana sehemu ya ujira na kubaki na sehemu yao. Sheria ya kufuta utumwa ilipopitishwa upande wa pwani ya Kenya mwaka 1907, watu hao na watoto wao walikuwa tayari na mazoea ya kuuza siku moja moja. Kuuza mwezi mzima kwa mkupuo mmoja kulifanana mno na kile walichotoka kukiacha.

Wageni waliokuja na dhana tofauti ya kazi walianza vibaya. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya utawala mwaka 1888, iliamua mwaka 1890 kuanza kutandika reli nyembamba kutoka bara inayotazamana na kisiwa, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Kusudi lilikuwa kuwaonyesha waliokuwa London kwamba kampuni inatenda. Reli ilikwenda maili saba hivi, ikakatika porini, haikufika popote. Baadaye vyuma vyake viling'olewa, vikaletwa kisiwani na kutandikwa barabarani, ikapatikana njia ya troli iliyounganisha Mji wa Kale na Kilindini. Troli hizo hazikuwa na injini wala farasi. Ofisa au mfanyabiashara aliketi juu ya benchi chini ya paa la turubai, na nyuma yake wanaume wakasukuma kwa mbio. Vyuma hivyohivyo basi vilibebwa mara tatu, kwenda, kurudi na kutandikwa upya, na hatimaye vikatumika kumwepusha mtu na kutembea. Sidhani kama aliyevibeba alihitaji elimu ya uchumi kujua kwamba amri nyingine hutolewa kwa ajili ya kuonekana tu. Waliokuwa wakilalamika wakati ule kwamba Waswahili hawaoni umuhimu wa kazi hawakujiuliza ni kazi ipi waliyokuwa wamewaonyesha.

Reli ya kweli ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Kuanzia hapo bandari ikahama upande, kutoka maji ya majahazi hadi kina cha Kilindini. Mwanzo meli zilitia nanga katikati, na shehena ikashushwa kwenye matishari, ikavutwa pwani, ikapandishwa tena kwa mabega. Magati ya kina kirefu yalianza kutumika mwaka 1926. Pamba ya Uganda, kahawa na magadi zilitoka. Mashine, saruji, nguo na makaa ya mawe viliingia. Makampuni ya upakizi yaliandika watu kwa siku, katika magenge yaliyoongozwa na serahangi, huku karani akihesabu. Kimaumbile kazi yenyewe ilikuwa ya vipindi: leo meli tano, kesho hakuna. Makampuni hayakutaka kulipa watu wa kukaa bure, hivyo yalipendelea vibarua kwa sababu ya hesabu zao wenyewe. Jambo hili lisisahaulike, kwa maana baadaye waajiri haohao waliandika juu ya kibarua kana kwamba ni ugonjwa ulioletwa na tabia ya wenyeji.

Mwanahistoria Justin Willis ameonyesha namna mtandao wa kazi hii ulivyokuwa. Kijana wa Kimijikenda aliyefika mjini alipokelewa na mwenyeji wa Kiswahili, akapata mahali pa kulala, mtu wa kumdhamini na genge la kuingia. Nyuma yake alikuwa na shamba la mihogo, minazi, tembo la kuuza, au mtumbwi. Alipofika getini hakuwa mtu aliyekosa njia. Alikuwa amelinganisha ujira wa siku na palizi inayomngoja, na mvua, na mfungo, na harusi ya ndugu. Kazi ya bandari ilimpa fedha ya kodi, nguo na mahari. Ilipomaliza kumpa hivyo, haikuwa na hoja nyingine ya kumwambia. Kwa nini abebe gunia la ishirini na tano baada ya kupata alichokifuata? Mkubwa wa kampuni alikuwa na jibu la upande wake: meli inangoja, kila siku ya kungoja ni hasara. Lakini hasara hiyo haikuwa ya kuli, na faida ya kuiepuka haikuwa yake. Ndiyo maana nasema swali lilikuwa la akili. Lilitenganisha kusudi la anayeagiza na kusudi la anayeagizwa, jambo ambalo amri yoyote hupenda kulificha.

Serikali ilijibu kwa karatasi. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanaume aliyefikia umri akapewa kipande ndani ya kikopo cha chuma, akivae shingoni. Kipande kiliandikwa jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuachishwa na mshahara. Kilijibu kila kitu ambacho mwajiri angependa kujua juu ya mtu, na hakikujibu lolote ambalo mtu angependa kujua juu ya kazi. Kwenye mashamba ya walowezi bara ulitumika utaratibu wa tikiti, siku 30 za kazi zitiwe alama moja moja ndani ya siku zisizozidi 42. Huko angalau palikuwa na mwanya wa siku kadhaa. Mombasa hata mwanya huo ulionekana mwingi. Tume iliyoongozwa na Arthur Phillips, iliyotoa ripoti mwaka 1945 kuhusu machafuko ya kazi mjini, iliona dawa ni kuachana na kibarua wa kutwa na kujenga tabaka la wafanyakazi wa kudumu, wenye familia mjini, wanaoishi kwa mshahara pekee. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1944, usajili wa makuli ulikuwa umeanzishwa kwa kanuni za wakati wa vita. Asiyesajiliwa alifungiwa geti, na aliyesajiliwa akaanza kuhesabiwa siku zake. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu makuli wa Mombasa, ameeleza kwa kina kwamba lengo lilipita idadi ya watu. Palitakiwa mtu wa aina nyingine, ambaye kesho yake inajulikana na mwajiri.

Hapa msomaji makini atanipinga. Atasema nimewavisha makuli falsafa wasiyokuwa nayo. Walichotaka ni pesa, na migomo yao yote ilihusu pesa. Pingamizi hili lina nguvu. Mwaka 1934 makuli waligoma kwa sababu makampuni ya upakizi yalipunguza ujira wa siku. Mwaka 1939 mgomo ulianzia kwa wafanyakazi wa idara ya serikali ya ujenzi waliodai posho ya nyumba, ukapita kwa wa manispaa na makampuni mengine, ukaishia bandarini mwezi wa Agosti. Tume ya Willan iliyochunguza ilikuta watu wanalala kwa kubanana na kodi inakula mshahara. Wakati wa vita bei zilipanda, na migomo ikarudi. Pesa ilikuwemo kila mahali, nakubali. Lakini tuangalie jinsi pesa ilivyodaiwa. Aliyepunguziwa ujira mwaka 1934 alikuwa akibeba gunia lilelile kutoka meli ileile. Kilichobadilika ni kwamba bei za mazao duniani zimeanguka na mwajiri akaona mgongo wa kuli ndipo pa kufidia. Kudai ujira wa zamani ni kukataa kusudi hilo jipya lililobandikwa juu ya kazi ya zamani. Na mfanyakazi wa 1939 aliyedai posho ya nyumba alikuwa akisema kwamba kazi isiyomwezesha mtu kulala mahali pa binadamu haijatimiza shabaha yake, hata kama barabara imejengwa. Anayetenganisha mshahara na maana ya kazi hajawahi kuishi kwa mshahara.

Mgomo wa Januari 1947 ndio ulioliweka jambo hili hadharani, na inafaa tukae nao kidogo. Ulianza tarehe 13 na kudumu kwa siku 12 hivi. Watu karibu 15,000 waliacha kazi, na hawakuwa makuli peke yao: reli ilisimama, mahoteli yakakosa wahudumu, wapishi na madobi wa majumbani wakatoka. Katika nyumba za Wazungu na za matajiri wengine wa kisiwani mabibi wa nyumba walijifunza upya kuwasha majiko. Kila siku wagomaji walikutana kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, wakajadiliana, wakatoa taarifa, na hata kuwahukumu waliokwenda kazini kwa siri. Wengine walinyolewa vichwa mbele ya watu. Hapo ndipo likapata nguvu Shirikisho la Wafanyakazi wa Afrika, na kijana Chege Kibachia akawa msemaji wake mkuu. Madai yao yalihusu mishahara, bila shaka, lakini pia yalihusu malipo sawa kwa kazi iliyo sawa bila kujali rangi, likizo, na dharau waliyofanyiwa kazini. Eliud Mathu, mwakilishi wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi warudi kazini, wakarudi kwa ahadi ya uchunguzi, na mahakama maalumu chini ya Jaji Thacker ikatoa nyongeza.

Kwa nini serikali ilitishika kiasi kile? Kumlipa kuli senti chache zaidi kusingeiangusha. Kilichotisha ni kwamba karani, kuli, mpishi na dobi walikuwa wamekaa uwanja mmoja wakiuliza swali moja. Kila mmoja kazini kwake alijua sehemu ndogo tu: karani alijua hesabu, kuli alijua uzito, mpishi alijua kinacholiwa mezani kwa tajiri. Uwanjani sehemu hizo ziliunganishwa, na picha nzima ikaonekana, ya nani anabeba na nani anashiba. Jibu la serikali linathibitisha hofu hiyo. Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini Kabarnet, Baringo, mbali na bahari kwa kadiri ilivyowezekana. Wakati huohuo aliletwa kutoka Uingereza James Patrick, mtu wa vyama vya wafanyakazi kutoka Uskoti, awafundishe Waafrika kuunda vyama kwa njia inayokubalika. Mafunzo yake yalikuwa kwamba kila kazi iwe na chama chake, kila chama kishughulikie masharti ya kazi hiyo, na siasa iachwe nje. Ushauri wenyewe haukuwa wa hila tupu. Chama imara cha kazi moja kinaweza kujadiliana vizuri kuliko umati. Ila matokeo yake yalikuwa kuuvunja ule uwanja. Kuli aulize ya makuli, dobi aulize ya madobi, na swali la picha nzima lisiwe na mahali pa kuulizwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa bandari wenyewe, na lina uzito wa kweli. Bandari, wanasema, si mahali pa mjadala. Winchi ikipandisha mzigo juu ya vichwa vya watu, amri moja lazima ifuatwe papo hapo. Anayesimama kuuliza sababu anaweza kumuua mwenzake. Ni kweli, na hakuna genge lililodumu bila serahangi mkali. Lakini pingamizi hili linachanganya nyakati mbili. Amri ya winchi ina kusudi ambalo kila mtu kwenye sitaha analiona: tusife, mzigo ufike. Kwa sababu kusudi hilo liko wazi, hakuna anayelihoji, na historia ya Kilindini haionyeshi makuli wakigoma kupinga kusimamiwa wakati wa kupandisha shehena. Walichokihoji kilikuwa nje ya dakika hiyo: kwa nini zamu iwe ndefu hivi, kwa nini asiyekuja leo afutwe kwenye daftari, kwa nini genge lipunguzwe watu na tani zibaki zilezile. Mamlaka ya dakika ya hatari yalikopwa na kutumika saa 24. Mkubwa akijibu kila swali la ofisini kwa mfano wa winchi, ujue hana jibu la ofisini.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kwangu. Huenda ninapamba kibarua wa kutwa. Uhuru wa kutokwenda kazini ni uhuru mzuri kwa mwenye shamba la baba yake Kwale. Kwa aliyetoka mbali, asiye na shamba wala mwenyeji, kusimama getini alfajiri na kurudi bila kuchaguliwa ilikuwa njaa. Serahangi alichagua, na mwenye kuchagua hupewa chochote. Wafanyakazi wengi wakati ulipofika waliipokea ajira ya kudumu kwa mikono miwili, na hawakuwa wajinga. Katika miaka ya 1950 kuli aliyesajiliwa alitakiwa kufikisha idadi fulani ya zamu kila mwezi, kisha taratibu akawa mtu wa mwezi, na ujira wa bandarini ukapanda mpaka makuli wa Mombasa wakawa miongoni mwa wafanyakazi wa mikono waliolipwa vizuri zaidi nchini. Hayo ni manufaa halisi, watoto walisomeshwa kwa fedha hizo. Nakubali yote haya. Ninachokataa ni simulizi kwamba manufaa hayo yalikuwa zawadi ya utaratibu mpya kwa watu walioacha uvivu wao. Yalikuwa bei. Mwajiri aliinunua ile haki ya kutokuja kazini, na ilikuwa na bei kwa sababu makuli walikuwa wameitumia kwa miongo mingi. Uingereza kwenyewe, mpango wa kitaifa wa kuwasajili makuli ulianza mwaka 1947, lakini kule vyama vya wafanyakazi na viongozi kama Ernest Bevin walikuwa wameudai kwa miaka mingi. Mombasa usajili ulikuja kwanza kama amri ya vita, chama kikafuata nyuma. Tofauti ya mfuatano huo si ndogo. Kule kuli aliulizwa anataka nini badala ya uhuru wake wa siku, hapa aliambiwa.

Kwamba hili halikuwa jambo la kisiwa kimoja linaonekana pwani nzima. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri kwa njia ya reli hadi bara. Mwaka 1948 Unguja ikasimama, kuanzia bandarini. Adam Shafi aliutumia mgomo huo wa Unguja kwa riwaya yake ya Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979, na si ajabu kwamba msomi wa pwani akitaka kuandika juu ya mwamko wa watu alikwenda kuutafuta gatini. Mombasa yenyewe iligoma tena Machi 1955, katikati ya hali ya hatari, wakati ambapo mkutano wa watu wachache tu ulitosha kumpeleka mtu ndani. Tom Mboya alikuja kutoka Nairobi kusuluhisha, nyongeza kubwa ikapatikana, na kutokana na mgomo huo chama cha makuli kikasimama kwa miguu yake. Denis Akumu alikuja kukiongoza hadi baada ya uhuru. Mwaka 1962 serikali, waajiri na shirikisho la vyama walitia saini Mkataba wa Mahusiano Kazini, ambao uliweka njia ya kupeleka malalamiko hatua kwa hatua kabla ya kugoma. Mkataba huo umeepusha maumivu mengi na sina nia ya kuudharau. Lakini ukiangalia yale ambayo chama na mwajiri wamekuwa wakikaa mezani kuyazungumza tangu wakati huo, utakuta mshahara, likizo, matibabu, nyumba, kufukuzwa. Kwa nini kazi fulani ifanywe, kwa namna gani na kwa faida ya nani, hayo yalibaki upande wa ofisi.

Na yalipobaki huko, yaliamuliwa huko. Mamlaka ya Bandari ya Kenya iliundwa mwaka 1978, makontena yakaingia, na kreni ikachukua nafasi ya genge. Kazi iliyokuwa ikihitaji mabega mengi ikahitaji macho na mikono michache. Makuli hawakuulizwa kama kontena lije, na pengine wasingekuwa na njia ya kulizuia. Dunia nzima ilikuwa ikienda huko. Jambo linalofanana nalo lilitokea juzi tu, serikali ilipoagiza mwaka 2019 kwamba makontena ya kwenda Nairobi na kwingineko yapande reli ya SGR. Maghala na yadi za Shimanzi, magari ya mizigo, mawakala wa forodha, mama wa chakula kando ya barabara, wote waliona kazi zao zikipanda treni. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Waliitwa wapinga maendeleo, kama vile babu zao walivyoitwa wavivu. Swali lao lilikuwa lile la Kiwanja cha Maskini: agizo hili linamfaa nani? Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa, kwa hiyo hata serikali ilikubali, kwa kuchelewa, kwamba lilistahili kujibiwa.

Maandishi tuliyo nayo juu ya makuli yameandikwa zaidi na waliotaka kujua kwa nini watu hawaji kazini. Tume ya Willan, tume ya Phillips, Jaji Thacker, wote waliwahoji watu wakiwa na swali hilo mkononi, na mtafiti wa leo analazimika kusoma majibu kwa kuyapindua. Kuna ushahidi mwingine ambao hauko kwenye jalada lolote. Kijana wa miaka 20 aliyegoma mwaka 1955 sasa ana umri wa miaka 90 hivi, na baadhi yao bado wapo, Ganjoni, Majengo, Likoni, vijijini Kwale na Kilifi. Mwenye babu wa aina hiyo amkalie chini na simu yake, arekodi, na asianze kwa kumuuliza alilipwa shilingi ngapi. Amuulize siku alizokataa kwenda, alikataa kwa nini.